Fedha Alizoziita Zake: Abigail Adams na Sheria Iliyomfunika

Tarehe 16 Juni 1775, mwanamke mmoja wa Braintree, kijiji kilicho kusini mwa Boston, alimwandikia barua mumewe aliyekuwa Philadelphia kwenye mkutano wa wajumbe wa makoloni. Vita na Waingereza vilikuwa na miezi miwili tu. Boston ilikuwa mikononi mwa jeshi la mfalme, na siku iliyofuata mizinga ya Bunker Hill ingeanza kunguruma. Katika barua hiyo, pamoja na habari za vita, kulikuwa na ombi: anunuliwe pini. Alitaka bunda zima, pini elfu sita. Zile walizokuwa wakizipata kwa shilingi saba na peni sita, aliandika, sasa ni shilingi ishirini, na hata kwa bei hiyo hazionekani.

Pini elfu sita ni nyingi mno kwa nyumba ya mama mmoja na watoto wanne. Mtu aliyekulia kwa mama anayenunua mzigo wa jumla na kuugawa kwa majirani ataisoma barua ile na kuelewa mara moja ilikokuwa ikielekea.

Mwanamke huyo ni Abigail Adams. Mumewe, John, alikuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Marekani mwaka 1789, kisha rais wa pili mwaka 1797. Mtoto wao John Quincy naye akawa rais mwaka 1825. Hadi leo ni wanawake wawili tu waliokuwa mke wa rais mmoja na mama wa mwingine: yeye na Barbara Bush. Lakini dunia imemhifadhi Abigail kwa sentensi moja aliyoiandika mwaka 1776, ile ya kuwataka wanaume wawakumbuke wanawake. Sentensi ni nzuri na tutaifikia. Ila mimi kila nikirudi kwenye barua zake nasimama kwenye zile pini, kwa sababu naona alichokifanya kwa mikono yake kilikwenda mbali kuliko alichokiomba kwa kalamu. Na kilikuwa na gharama, ambayo wengine ndio walioilipa.

Kwanza sheria

Abigail alizaliwa Weymouth, Massachusetts, Novemba 1744, binti wa mchungaji William Smith. Hakupelekwa shule. Chuo cha Harvard kilikuwa karibu, lakini kilipokea wavulana tu. Alisoma vitabu vya nyumbani kwao, akajifunza kuandika kwa namna yake mwenyewe, na maisha yake yote aliona haya kwa tahajia na mwandiko wake. Ajabu ni kwamba maandishi hayohayo ndiyo leo yanayotueleza mapinduzi ya Marekani yalivyoonekana kutoka jikoni, shambani na sokoni. Yeye na John, waliyeoana tarehe 25 Oktoba 1764, waliandikiana barua zaidi ya 1,100 ambazo bado zipo. Yeye akijitia sahihi ya Portia, jina la mke wa Brutus wa Roma, na wote wawili wakiitana "rafiki yangu mpenzi".

Siku ile ya ndoa, mbele ya sheria, Abigail alitoweka. Sitilii chumvi. Sheria ya Waingereza ambayo makoloni yaliirithi ilihesabu mume na mke kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Msichana asiyeolewa aliweza kumiliki mali, kuuza, kushtaki na kushtakiwa, mjane vilevile. Mwenye mume hakuweza. Lugha ya mahakama ilimwita "mwanamke aliyefunikwa", kana kwamba mume ni shuka lililotandazwa juu yake. Fedha, mifugo, vyombo, hata nguo alizoingia nazo zikawa mali ya mume papo hapo. Ardhi aliyorithi ilibaki kwa jina lake, lakini mume ndiye aliyeisimamia na kula mapato yake. Hakuweza kuingia mkataba kwa jina lake, wala kuandika wosia wa fedha na vitu bila idhini ya mumewe, kwa kuwa hakuwa na chochote cha kuusia.

Msomaji wa Lamu au Unguja atashangaa kidogo hapa. Katika karne hiyohiyo, sheria ya Kiislamu iliyosimamiwa na makadhi wa pwani yetu ilimwachia mke mali yake hata akiwa ndani ya ndoa: mahari yake, shamba lake, urithi wake, ingawa fungu la binti lilikuwa nusu ya fungu la kaka yake. Mke wa mwanasheria wa Massachusetts hakuwa na haki hiyo. Na John Adams alikuwa mwanasheria hodari. Aliijua sheria hii neno kwa neno.

Ile sentensi maarufu

Tarehe 31 Machi 1776, wajumbe wa Philadelphia wakielekea kutangaza uhuru, Abigail alimwandikia mumewe kwamba katika sheria mpya watakazolazimika kutunga, angependa wawakumbuke wanawake na wawatendee kwa ukarimu kuliko walivyofanya wazee wao. Msiweke mamlaka yasiyo na mipaka mikononi mwa waume, aliandika. Kumbukeni, wanaume wote wangekuwa madhalimu kama wangeweza.

Siku hizi barua hiyo husomwa kama dai la haki ya kupiga kura. Isome tena: kura haitajwi. Anachotaja ni mamlaka ya mume. Alikuwa akiizungumzia ile sheria ya kufunikwa, ambayo ilimgusa kila siku alipouza ndoo ya maziwa au kumlipa kibarua wa shamba, wakati mumewe yuko mbali na hana mwanamume mwingine wa kumsimamia.

John alijibu tarehe 14 Aprili. Hukumu yake ilikuwa kwamba hawezi kujizuia kucheka. Wamesikia, aliandika, kwamba mapinduzi yamelegeza utii kila mahali, watoto na wanagenzi hawasikii, Wahindi Wekundu na Weusi wamekuwa wajeuri, lakini barua yake ndiyo taarifa ya kwanza kwamba kabila jingine, kubwa na lenye nguvu kuliko hayo yote, limekasirika. Kuhusu mamlaka ya wanaume, alisema yapo kwa jina tu.

Abigail aliumia. Alimwandikia rafiki yake Mercy Otis Warren, mwandishi wa tamthilia na mtu wa siasa, akapendekeza wapeleke ombi la pamoja kwa wajumbe. Ombi hilo halikuandikwa. Mwezi Mei akamrudia John: sioni kama mmekuwa wakarimu kwa wanawake, kwa kuwa mnapotangaza amani na kuyakomboa mataifa yote, bado mnashikilia kuwa na mamlaka kamili juu ya wake zenu.

Sheria haikubadilika, na Abigail hakuishi kuiona ikibadilika. Kilichobadilika ni namna alivyokaa ndani yake.

Leso za Barcelona

Vita vilileta njaa ya bidhaa. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa baharini, chai, kahawa, vitambaa na sindano vikaadimika, na noti za karatasi za serikali ya mapinduzi zikaporomoka hadi zikawa hazikubaliki karibu popote kufikia 1781. Mwishoni mwa Julai 1777 Abigail alimsimulia John kisa cha Boston: mfanyabiashara mmoja tajiri, kapera, alificha kahawa yake akingoja bei ipande. Wanawake wapatao mia moja walikwenda ghalani na mikokoteni yao wakadai funguo. Alipokataa, mmoja akamkamata shingoni akamtupa mkokotenini. Akatoa funguo. Wakabeba kahawa wakaenda zao, huku kundi kubwa la wanaume limesimama kimya likitazama.

Februari 1778 John alitumwa Ufaransa, akamchukua John Quincy aliyekuwa na miaka kumi. Ukiondoa miezi michache ya mwaka 1779, alikaa Ulaya hadi mkewe alipomfuata 1784. Swali la nyumbani likawa: atamtumiaje mkewe fedha za matumizi? Hawala zilipoteza thamani njiani. Abigail akaona kitu ambacho John, pamoja na elimu yake yote, hakukiona: usitume fedha, tuma bidhaa. Leso nyeusi za Barcelona, utepe, kitani, chai, vyombo vya kauri, vioo. Sanduku dogo likifika salama, bidhaa za fedha kidogo kule zinageuka fedha nyingi huku. John akafungua hesabu na wafanyabiashara wa Bilbao, nyumba ya Gardoqui, na masanduku yakaanza kuvuka bahari. Meli nyingine zilikamatwa na adui. Zilizofika zilitosha.

Yeye mwenyewe hakukaa dukani. Mke wa balozi hakutarajiwa kufanya hivyo. Mzigo aliukabidhi kwa jamaa na marafiki, akiwamo binamu yake Cotton Tufts mdogo, wakauza kwa niaba yake. Barua zake za miaka hiyo ni za mfanyabiashara kamili. Rangi gani haiuziki, kitambaa gani usinunue tena, nini kimejaa sokoni. (Miaka michache baada ya kifo chake, meli za Salem, bandari ya jimbo hilohilo, zilianza kutia nanga Unguja, na vitambaa vya viwanda vya Massachusetts vikapata jina ambalo bibi zetu walilijua vizuri: merikani.)

Hati za serikali, na walioziuza

Hapa ndipo mambo yanapozidi kuwa mazito, na ndipo naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo.

Faida ile aliiweka wapi? John alikuwa na jibu moja maisha yote: ardhi. Kila ekari iliyopakana na shamba lake aliitamani kama mtoto atamanivyo embe la jirani. Abigail alijua ardhi ile kuliko yeye, maana yeye ndiye aliyeilima kwa vibarua na kuilipia kodi. Alijua kwamba mapato yake ni madogo na kodi zake ni kubwa. Mwaka 1782 alinunua ardhi ya mbali huko Vermont, akitumaini itapanda bei, na John akamjibu asijiingize tena na mambo ya Vermont. Lakini kwa sehemu kubwa alichokitaka Abigail ni hati za deni la serikali.

Hati hizo zilitoka wapi? Serikali ya mapinduzi haikuwa na fedha. Askari, wakulima waliochukuliwa ng'ombe wao na wauza nafaka walilipwa kwa karatasi: ahadi kwamba siku moja watapewa fedha yao, na riba juu yake. Askari anayerudi nyumbani kwa miguu hawezi kungoja siku moja. Ana njaa na ana deni, kwa hiyo anaiuza hati yake kwa mwenye fedha taslimu kwa sehemu ndogo ya kilichoandikwa juu yake.

Sasa tuseme hati imeandikwa pauni 100 na inalipa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Riba huhesabiwa kwa kile kilichoandikwa, kwa hiyo ni pauni 6. Lakini kama wewe umeinunua kwa pauni 25, zile pauni 6 ni karibu robo ya fedha yako, kila mwaka. Na ikiwa siku moja serikali itapata nguvu ya kulipa deni lote kama lilivyoandikwa, mtaji wako unakuwa mara nne.

Abigail alilielewa hilo mapema. Mwisho wa 1783 alimwandikia John kwamba ipo njia ya kuweka fedha yenye faida kuliko kununua ardhi. John alisitasita, akalalamika, mara nyingi akamwachia afanye. Mnunuzi alikuwa Dk. Cotton Tufts, mume wa mama yake mdogo na mtu waliyemwamini wote wawili, kwa kuwa mwanamke aliyefunikwa hakuweza kununua kwa jina lake. Kwa sheria kila hati ilikuwa mali ya John. Lakini katika barua zake Abigail alianza kutumia maneno ambayo hakuna hakimu wa Massachusetts angeyakubali: fedha hizi ninazoziita zangu. Nayapenda sana maneno hayo. Hakusema ni zangu, alijua sheria. Alisema naziita zangu, akaendelea kuziita hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini, mpaka watu wa nyumba ile wakazizoea kuwa hivyo.

Mwaka 1790 Alexander Hamilton, waziri wa fedha, alipendekeza serikali mpya ilipe madeni hayo. James Madison, mbunge wa Virginia, alitaka askari na wakulima waliouza hati zao kwa bei ya kutupa wagawiwe sehemu ya faida pamoja na waliozinunua. Pendekezo lake lilishindwa Februari mwaka huo. Aliyeshika karatasi ndiye aliyelipwa. Nyumba ya Adams ilikuwa miongoni mwa walioshika karatasi, na John alikuwa makamu wa rais.

Kuna hatua moja kabla ya hapo isiyofaa kurukwa. Ili kulipa riba ya hati hizo, Massachusetts ilitoza kodi nzito, na ilitaka fedha ngumu, yaani sarafu za fedha na dhahabu, ambayo wakulima wa magharibi mwa jimbo hawakuwa nayo. Mashamba yakaanza kunadiwa. Mwaka 1786 wakulima hao, wengi wao askari wa zamani, walijikusanya, mmoja wa viongozi wao akiwa Daniel Shays, wakafunga mahakama ili kesi za madeni zisisikilizwe. Januari 1787 walijaribu kuteka ghala la silaha la Springfield wakapigwa. Abigail alikuwa London, mke wa balozi. Alimwandikia Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani huko Paris, kwamba waasi hao ni wakorofi wajinga wasio na dhamiri wala maadili. Jefferson akamjibu kwa maneno yaliyokuja kuwa maarufu, kwamba yeye anapenda uasi kidogo mara kwa mara.

Nimejaribu mara nyingi kumtetea Abigail kwenye barua ile na nimeshindwa. Mwanamke aliyesimulia kwa fahari jinsi wanawake wa Boston walivyomnyang'anya funguo mficha kahawa hakuweza kumwona mkulima aliyekuwa akinyang'anywa ng'ombe ili yeye apate riba yake.

Mke wa rais, na dirisha lake

Mwaka 1797 John alipoapishwa, hapakuwa na cheo chochote cha mke wa rais. Martha Washington aliyemtangulia alikuwa amejiweka nje ya siasa, angalau hadharani. Abigail hakuweza. Alisoma magazeti yote, akawaandikia jamaa habari alizojua zitachapishwa, akamshauri John juu ya watu wa kuteua. Mpinzani wao Albert Gallatin aliandika kwamba huyu ni Bibi Rais, tena si wa Marekani nzima bali wa kikundi kimoja.

Je, ushawishi huo ulikuwa na matokeo gani? Kosa lake kubwa kuliko yote liko hapa. Mwaka 1798, nchi ikiwa karibu kupigana na Ufaransa, Abigail alichoshwa na matusi ya magazeti dhidi ya mumewe, hasa gazeti la Aurora la Benjamin Franklin Bache, mjukuu wa Benjamin Franklin yule mkubwa, mmoja wa waasisi wa Marekani. Akaandika mara kwa mara kwamba inatakiwa sheria ya kuwanyamazisha. Sheria ikapitishwa na John akaisaini tarehe 14 Julai 1798: kuiandika serikali vibaya kwa nia ya kuichafua kukawa jinai. Wahariri walifungwa. Bache mwenyewe, aliyekuwa ameshakamatwa, alikufa kwa homa ya manjano Septemba kabla kesi yake haijasikilizwa. Sheria ile iliuchafua urais wa John Adams kuliko tusi lolote la gazeti, na mkewe hakumzuia, alimsukuma.

Lakini Februari 1799 John alifanya uamuzi wake mkubwa kuliko yote, wa kutuma ujumbe wa amani Ufaransa, Abigail akiwa mgonjwa nyumbani Quincy, jina jipya la sehemu yao ya Braintree. Chama chake kilikasirika. John akamwandikia kwamba watu wanalia kutokuwapo kwake, wanasema angekuwapo jambo hili lisingetokea. Abigail akajibu kwamba huo ni ufidhuli, na kwamba "yule bibi mzee" anaweza kuwaambia wamekosea. Yeye aliuona uamuzi huo kuwa wa busara ya hali ya juu. Kwa hiyo wale waliodhani John ni sauti ya mkewe hawakuwajua wote wawili.

Novemba 1800 walihamia nyumba mpya ya rais katika mji mkuu mpya, Washington, nyumba ambayo haijakwisha kujengwa, yenye unyevu na isiyo na kuni za kutosha. Nguo zilizofuliwa zilianikwa katika ukumbi mkubwa wa mashariki ambao haukuwa umemalizika. Kisa hicho hupendwa sana na kimesimuliwa mara nyingi. Barua ninayoiona kuwa nzito zaidi ni aliyomwandikia Dk. Tufts mwezi huohuo. Kutoka dirishani alitazama watumwa kumi na wawili wakisomba udongo mbele ya nyumba, nusu wana njaa, hawana nguo za maana, huku bwana wao akizunguka bila kazi. Akasema wanaume wawili wa kwao kaskazini wangefanya kwa siku kazi ya hao kumi na wawili.

Ukweli mzima wa Abigail juu ya utumwa umo katika barua kama hiyo. Alikua katika nyumba ya mchungaji aliyemiliki watumwa. Mmoja wao, Phoebe, alipata uhuru mchungaji alipofariki mwaka 1783, akabaki akiitunza nyumba ya akina Adams huko Braintree Abigail alipokwenda Ulaya. Tayari mwaka 1774 Abigail alikuwa ameandika kwamba anatamani pasiwepo mtumwa hata mmoja katika jimbo lao, kwa kuwa ni uovu kupigania kile ambacho wao wenyewe wanawapora kila siku watu wenye haki ya uhuru sawa na wao. Na katika ile barua ya Machi 1776, kabla ya kuwataja wanawake, alihoji kama watu wa Virginia waliozoea kuwanyima wenzao uhuru wanaweza kuupenda uhuru kwa dhati. Hata hivyo hakufanya vita ya hadhara dhidi ya utumwa.

Pale ulipomfikia mlangoni, alisimama imara. Februari 1797, wiki chache kabla ya John kuapishwa, kijana mweusi aliyeitwa James, mtumishi wa nyumbani kwake, aliomba kwenda shule ya jioni. Abigail alikuwa amekwisha kumfundisha kusoma yeye mwenyewe. Jirani akaja kumwambia shule itavunjika, wavulana wengine hawatakubali. Akamuuliza kama wavulana hao hao hawakukaa na James kanisani, kama hawakucheza ngoma James akiwapigia muziki. Huyu ni mtu huru kama kijana mwingine yeyote, akasema; kwa sababu uso wake ni mweusi ndiyo anyimwe mafunzo? Atapataje riziki yake? Aliyaeleza hayo kwa John katika barua, na malalamiko yakaishia hapo.

Wosia wa mwanamke asiye na mali

Baada ya urais kuisha mwaka 1801 walirudi Quincy na kukaa humo hadi mwisho. Miaka hiyo, na ile iliyoitangulia, ilikuwa na misiba. Charles, mtoto wao wa pili wa kiume, alikufa kwa ulevi mwaka 1800, akaacha mjane na mabinti wawili. Nabby, binti yao mkubwa, aliolewa na mtu aliyeifuja mali yote katika biashara za kubahatisha. Mwaka 1811 alikatwa titi lenye saratani nyumbani kwa wazazi wake, bila dawa ya ganzi, na akafa mikononi mwao Agosti 1813. Mdogo wake Abigail wa kiume alikuwa mlevi pia, akamtelekeza mkewe na watoto. Mmoja wa mabinti zake, Louisa, Abigail alimlea na kuishi naye kwa miongo.

Utaona kinachojirudia. Wanawake wanne au watano wa ukoo mmoja, wote wameangushwa na mwanamume ambaye sheria iliweka kila kitu chao mikononi mwake.

Tarehe 18 Januari 1816, akiwa na miaka 71, Abigail aliketi akaandika wosia kwa mkono wake. Mumewe alikuwa hai. Wosia unaanza kwa kusema kwamba yeye, mke wa John Adams, kwa idhini yake, anagawa mali ifuatayo. Watoto wake wawili wa kiume waliobaki, John Quincy na Thomas, aliwapa ardhi aliyokuwa amerithi. Kila kitu kingine, fedha taslimu, hisa, magauni, vito, kilikwenda kwa wanawake: wajukuu wa kike, wake za wanawe, mabinti wa ndugu zake, watumishi wa kike. Louisa hakusahauliwa. Wajukuu wa kiume hawakupata kitu. Na wengi wa wanawake aliowapa walikuwa wameolewa au wangeolewa, kwa hiyo mbele ya sheria hawakuweza kuimiliki fedha hiyo, sawasawa na yeye ambaye hakuweza kuigawa.

Massachusetts ilitunga sheria ya kumtambua mke kuwa na mali yake mwaka 1855.

Abigail alifariki kwa homa ya matumbo tarehe 28 Oktoba 1818, siku tatu baada ya kutimiza miaka 54 ya ndoa. Wosia wake peke yake, bila idhini ya mumewe, haukuwa na nguvu mahakamani. John, aliyecheka mwaka 1776, alikuwa na uwezo wa kuuchana na kila kilichoandikwa humo kingebaki chake. Alikuwa mzee wa karibu miaka 83. Aliuacha usimame kama ulivyoandikwa, na fedha zile zikagawiwa kwa majina aliyoyaandika mkewe.